Kumpima Mlinzi wa Kituo cha Pili: Kutoka Stockholm ya 1912 hadi Ligi za Fantasi

Utangulizi

Wanachama wenzetu na walimu wetu, katika makala haya tunauchukua mchezo ambao Waswahili wengi wameuona kwenye filamu tu, yaani besiboli. Hatuandiki juu ya mchezo mzima. Tunamchagua mtu mmoja uwanjani, mlinzi wa kituo cha pili, na kuuliza swali moja la kihistoria: watu wamekuwa wakimpimaje, tangu karne ya 19 hadi leo ambapo mashabiki humgombania katika ligi za fantasi?

Swali hili limetufikia hapa Tumba kwa njia ya kawaida. Baadhi yetu tunaokaa upande huu wa manispaa ya Botkyrka, kusini-magharibi mwa Stockholm, tumejiunga na ligi ya fantasi pamoja na ndugu na marafiki walioko Marekani. Mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York, huku kwetu huanza saa saba usiku. Wachezaji wetu hucheza sisi tukiwa tumelala. Tukiamka na kupanda treni ya kwenda chuoni, tunachokikuta kwenye simu si mchezo bali ni tarakimu. Anayemjua mchezaji kwa tarakimu peke yake hana budi kujua tarakimu hizo zilitoka wapi, nani alizibuni, na ziliacha nini nje. Hilo ndilo lengo la makala haya.

Mlinzi huyu ni nani?

Uwanja wa besiboli una vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.4. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Akivimaliza vyote, timu yake hupata mkimbio mmoja. Walinzi hujaribu kumtoa kabla hajafika.

Watoto wa Sweden wana mchezo wao wa shuleni unaofanana na huu, brännboll. Humo mpigaji hujirushia mpira mwenyewe, na walinzi wakiupata huurudisha kwa mtu mmoja anayesimama mahali pamoja. Yeye akishaushika, mkimbiaji aliye nje ya kituo amekwisha. Hakuna anayehitajika kukilinda kituo cha pili. Walimu wetu waliosoma Kenya watakumbuka raundas ya wasichana wa shule za msingi, ambayo ni binamu mwingine wa mchezo huu.

Katika besiboli mambo ni tofauti. Mpira wenyewe lazima ufikishwe kituoni, au mkimbiaji aguswe nao. Hapo ndipo mlinzi wa kituo cha pili anapopata kazi. Husimama baina ya kituo cha kwanza na cha pili, hudaka mipira inayotambaa chini, na hukimbilia kituo chake pale mwenzake anapomrushia mpira. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kutoa wawili kwa mpira mmoja: anaupokea mpira, anakanyaga kituo, anageuka na kuurusha kituo cha kwanza, huku mkimbiaji akimjia kwa kasi miguuni.

Kwa kuwa umbali wa kurusha kwake ni mfupi, hahitaji mkono wenye nguvu sana. Ndiyo sababu vijana wengi walioanza kama walinzi wa kati, yaani wale wanaosimama baina ya kituo cha pili na cha tatu, huhamishiwa kwake mkono wao usipotosha. Tukumbuke jambo hili. Kituo cha pili hupokea watu waliokataliwa kwingine, na hilo limeathiri thamani yake kwa miaka mingi.

Stockholm, Julai 1912

Besiboli si mgeni kabisa katika nchi hii. Klabu ya kwanza ya Sweden iliundwa Västerås mwaka 1910. Miaka miwili baadaye Michezo ya Olimpiki ilifanyika Stockholm, na tarehe 15 Julai 1912 Wamarekani waliokuja kwa riadha walicheza mechi ya maonyesho na vijana wa Västerås katika uwanja wa Östermalm. Wamarekani waliwaazima wenyeji wachezaji, akiwamo mrushaji, lakini bado walishinda 13 kwa 3.

Mwamuzi wa siku hiyo alikuwa George Wright, aliyekuwa nyota wa Cincinnati Red Stockings ya 1869, timu ya kwanza ya Marekani iliyowalipa waziwazi wachezaji wake wote. Kinachotuvutia ni kwamba kumbukumbu ya mechi hiyo imebaki zaidi kwa hesabu ya mikimbio. Nani alikimbilia kituo cha pili kwa wakati, nani alisimama mahali pasipofaa, hayo yote yalikwenda na jioni ile. Tangu mwanzo, daftari la besiboli lilijua kumhifadhi mpigaji kuliko mlinzi.

Daftari na mwandishi wake

Aliyelijenga daftari hilo kuliko wengine wote ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824 na kukulia New York. Alitoka katika utamaduni wa kriketi, na kutoka huko akaleta mazoea ya kuweka kila mechi kwenye jedwali. Wastani wa kupiga ulikua mikononi mwake. Makosa ya walinzi nayo yalihesabiwa.

Lakini hesabu ya makosa ina udhaifu mkubwa. Mlinzi mwepesi anaufikia mpira wa mbali, unamponyoka, anaandikiwa kosa. Mlinzi mzito hasogei, mpira unapita, na daftari linabaki safi. Aliyejaribu anaadhibiwa, na asiyejaribu anasifiwa. Sisi tunaofanya kazi za vikundi chuoni tunawajua watu wa aina zote mbili.

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, kituo cha pili kilikuwa nyumba ya wapigaji hodari. Nap Lajoie alipata wastani wa 0.426 mwaka 1901. Rogers Hornsby alipiga homurani 42 mwaka 1922, na mwaka 1924 akafikisha wastani wa 0.424. Wakati huo timu nyingi zilipenda kuugusa mpira taratibu ili ufe karibu na kituo cha tatu, kwa hiyo mlinzi wa kituo cha tatu ndiye aliyetakiwa kuwa mwepesi. Baadaye mbinu hiyo ilipungua na kutoa wawili kwa mpira mmoja kukaongezeka. Uzito wa ulinzi ukahamia kituo cha pili, na makocha wakaanza kumsamehe mlinzi wake asipojua kupiga.

Hata hivyo wapigaji hawakwisha. Jackie Robinson alivunja ubaguzi wa rangi wa Ligi Kuu tarehe 15 Aprili 1947 akiwa kituo cha kwanza, kisha akahamia cha pili. Mwaka 1949, akiwa hapo, alipata wastani wa 0.342, akaiba vituo 37, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Daftari lilimtambua kwa yale liliyoweza kuyahesabu.

Mazeroski, au thamani isiyoonekana

Mfano unaolipa swali letu uzito wake ni Bill Mazeroski wa Pittsburgh Pirates. Mashabiki wengi wanamkumbuka kwa homurani ya tarehe 13 Oktoba 1960 iliyoishinda New York Yankees katika mechi ya saba ya fainali. Lakini maisha yake yalikuwa katika glavu. Alishiriki mara 1,706 katika kutoa wawili kwa mpira mmoja, idadi ambayo hakuna mlinzi mwingine wa kituo cha pili aliyewahi kuifikia, na alipewa Glavu ya Dhahabu mara 8. Wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.260, na homurani zake zote ni 138. Alingoja hadi 2001 kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la Cooperstown, karibu miaka 30 baada ya kustaafu. Wapo waliolalamika hata siku hiyo kwamba hakupiga vya kutosha.

Kutoka semina hadi mkahawa

Ligi za fantasi nazo zina asili yake, na asili hiyo iko chuoni. Mwaka 1960 mwanasosholojia William Gamson, akiwa Harvard, aliwakusanya wenzake, kila mmoja akatoa dola 10 na kuchagua wachezaji halisi. Mwisho wa msimu tarakimu za wachezaji hao ndizo zilizoamua mshindi. Waliuita mchezo wao semina ya besiboli, jina la heshima lisilonusa kamari. Gamson alipohamia Chuo Kikuu cha Michigan aliuchukua mchezo wake, na miongoni mwa walioucheza huko alikuwa mwalimu Robert Sklar. Sklar alimsimulia mwanafunzi wake Daniel Okrent.

Okrent ndiye aliyeunda ligi mwaka 1980 pamoja na marafiki zake wa New York, na kuipa jina la mkahawa walimokutana, La Rotisserie Française. Katika kanuni iliyozoeleka, kila mwenye timu ana dola 260 za kununulia wachezaji 23 kwa mnada. Wapigaji walipimwa kwa mambo manne: wastani wa kupiga, homurani, mikimbio waliyoisababisha, na vituo walivyoiba. Baadaye mikimbio waliyoifunga wenyewe iliongezwa. Wachezaji wa Ligi Kuu walipogoma mwaka 1981, waandishi wa michezo walikosa habari, wakaandika juu ya ligi hii, nayo ikaenea.

Tazameni orodha ile ya mambo manne. Hakuna ulinzi. Kutoa wawili kwa mpira mmoja hakuna pointi. Hata subira ya mpigaji anayengoja mpaka apewe kituo bure haimo. Joe Morgan wa Cincinnati Reds alipewa kituo bure mara 132 mwaka 1975, akawa mchezaji bora wa ligi, na sehemu hiyo ya ubora wake haingemsaidia chochote mwenye timu wa fantasi. Mazeroski katika ubora wake angeuzwa kwa dola moja.

Okrent na wenzake hawakuwa wajinga. Walichukua kilichochapishwa magazetini kila wiki, kwa sababu hesabu zilifanywa kwa mkono. Kipimo kilifuata kile kilichopatikana kwa urahisi. Huko Kansas, Bill James, mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo, alikuwa tayari ameanza kuuliza maswali magumu. Kitabu chake cha kwanza cha mwaka, cha 1977, alikichapisha mwenyewe. Yeye alisema tuhesabu mipira ambayo mlinzi ameifikia badala ya makosa pekee. Teknolojia ya kamera na rada iliyoenea Ligi Kuu mwaka 2015 imeendeleza wazo hilo, lakini ligi nyingi za fantasi bado zinatumia mambo yale ya mkahawani.

Uhaba ni nini?

Hapa wanachama wanaocheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza watatuelewa upesi. Goli la beki lina pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Goli ni lile lile, ila kwa beki ni adimu. Fantasi ya besiboli haina nyongeza hiyo. Homurani ni homurani, aipige nani. Lakini uhaba upo, umejificha katika nafasi za kujaza.

Tuseme ligi ina timu 12, kila moja ikihitaji mlinzi mmoja wa kituo cha pili na walinzi watano wa nje. Wa kwanza kati ya walinzi wa kituo cha pili anatarajiwa kupiga homurani 30. Wa kumi na tatu, ambaye hakuna aliyemchukua na anapatikana bure, anatarajiwa 12. Faida ya yule wa kwanza ni 18. Sasa chukua mlinzi wa nje anayetarajiwa 35. Walinzi wa nje 60 watachukuliwa, na wa 61 anaweza kuwa na 20. Faida yake ni 15. Kwa hesabu hiyo, mwenye 30 ana thamani kuliko mwenye 35. Swali halisi wakati wa kuchagua si nani anapiga zaidi. Ni nani akikuponyoka pengo lake halizibiki.

Lakini uhaba si sheria ya milele, na historia inatuonya. Mwaka 2016 Brian Dozier alipiga homurani 42, Robinson Canó 39, Rougned Odor 33, wote wa kituo cha pili. Mwaka 2021 Marcus Semien, aliyekuwa mlinzi wa kati kabla ya kuhamishwa, alipiga 45 na kuweka rekodi ya nafasi hiyo. Aliyewalipia walinzi hao bei ya uhaba katika miaka ya neema alitupa fedha. Uhaba hupimwa upya kila msimu.

Waliopimwa na kukataliwa

Kufikia hapa mtu anaweza kusema haya ni mambo ya mchezo tu. Lakini nyuma ya kila bei kuna mtu, na vipimo vya mkahawani havitofautiani sana na vile vya wanaoajiri wachezaji kwa fedha halisi.

José Altuve, kijana wa Venezuela mwenye urefu wa sentimita 168, alifukuzwa siku ya kwanza ya majaribio ya Houston Astros mjini Maracay kwa sababu ya ufupi wake. Alirudi kesho yake. Alisajiliwa mwaka 2007 kwa dola 15,000, na mwaka 2017 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake akiwa na wastani wa 0.346.

Hadithi ya Gift Ngoepe haikuishia hivyo. Alizaliwa Polokwane, Afrika Kusini, na kukulia Randburg katika chumba ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi. Pirates walimsajili mwaka 2008. Kila aliyemwona alisifu glavu yake. Alikaa miaka tisa katika ligi ndogo, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kucheza Ligi Kuu. Aliingia katikati ya mechi, kituo cha pili, na mara yake ya kwanza kupiga akafanikiwa mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs. Msimu huo alicheza mechi 28 kwa wastani wa 0.222. Mwaka uliofuata alipata mechi 13 tu akiwa Toronto, na mlango ukafungwa. Hatusemi alionewa, maana kupiga ni sehemu ya kazi. Tunasema kwamba alichokuwa nacho kingi ndicho ambacho jedwali hulipa kidogo.

Afrika Mashariki nako vijana wanapimwa. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, wakanyimwa viza ya Marekani kwa sababu ya hati. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ilifika Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka Afrika katika fainali za dunia za watoto, na ikawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Tumba yenyewe inajua habari hizi. Sven Johansson alikulia hapa na akajulikana sana kwa jina la mji hata akalichukua rasmi mwaka 1965, akawa Sven Tumba. Mwaka 1957 alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kwenda kujaribiwa na klabu ya Ligi Kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, Boston Bruins. Zama hizo Wamarekani na Wakanada hawakuwa na jedwali la kumwekea Mswidi. Leo Waswidi wamejaa katika ligi ile.

Na sisi wenyewe, wengi tumewahi kujaza fomu yenye visanduku ambavyo elimu yetu, lugha zetu na kazi tulizozifanya kwetu havikuingia. Kwa hiyo tunapomwondoa mchezaji orodhani kwa sababu safu moja ni tupu, tunajua kinachofanyika.

Namna ya kuchagua

Kwa wanachama watakaochagua timu zao kabla ya msimu, tunatoa ushauri ufuatao.

Kwanza, mlinganishe kila mlinzi wa kituo cha pili na yule atakayebaki bure, si na nyota wa nafasi nyingine.

Pili, angalieni nani anaruhusiwa kujaza nafasi hiyo. Mookie Betts, mlinzi wa nje, alicheza mechi 70 kituo cha pili mwaka 2023 na kupiga homurani 39, na katika ligi nyingi za 2024 aliweza kuwekwa hapo. Mtu wa nafasi mbili huziba pengo wenzake wakiumia.

Tatu, msidharau miguu. Mwaka 2023 Ligi Kuu iliongeza upana wa vituo kutoka sentimita 38 hadi 46 na kumwekea mrushaji mipaka ya kuwarudisha wakimbiaji. Vituo vilivyoibwa vilipanda kutoka 2,486 hadi 3,503. Wizi ukiwa mwingi, mwizi mmoja hana bei ile ya zamani, ila asiyeiba kabisa anawaacha nyuma zaidi.

Nne, na hili ndilo historia inatufundisha, ulinzi hauna pointi lakini una kazi. Mwenye glavu nzuri huachwa uwanjani hata wiki ambazo gongo limelala, na anayecheza kila siku hukusanya tarakimu. Mwenye glavu mbovu hukalishwa benchi mara tu anapoacha kupiga. Tangu 2023 walinzi wawili wa ndani lazima wabaki kila upande wa kituo cha pili, hivyo wepesi wa mlinzi huyu unahitajika tena kuliko miaka iliyotangulia.

Hitimisho

Tumeona kwamba mlinzi wa kituo cha pili amepimwa kwa daftari la Chadwick, kwa dola za mkahawani, na sasa kwa kamera. Kila kipimo kilionyesha jambo la kweli na kuficha jingine. Haifai kuvitupa vipimo hivyo, maana bila tarakimu sisi wa Tumba tusingejua lolote juu ya mechi za saa saba usiku. Inafaa kukumbuka kwamba bei ni jibu la swali aliloliuliza mtu fulani, mahali fulani, kwa sababu zake. Ukibadilisha swali, Mazeroski wa dola moja anakuwa mtu wa kwanza kuchaguliwa.